Ndafu ya Mtoto wa Miaka Mitatu

Bajeti ya kwanza ilikuwa na mistari mitano tu, na Oktavia aliipenda kwa sababu ilikuwa ndogo na ya kweli. Keki ya kilo moja, elfu thelathini. Soda kreti moja, elfu kumi na nane. Mchele kilo tano, elfu kumi na tano. Kuku wawili, elfu arobaini. Maputo na mishumaa, elfu saba. Jumla ikaja laki moja na elfu kumi, naye alikuwa na elfu tisini. Akamfuta kuku mmoja, akaandika pembeni "vipande vidogo", akacheka peke yake.

Rejoice alikuwa anatimiza miaka mitatu Jumamosi ya pili ya Julai, mwezi ambao baridi ya Njombe huwafanya watu wayaogope hata maji ya kunawa uso. Mpango ulikuwa kuwaalika watoto kumi na wawili wa majirani pale Mjimwema, sebuleni kwa mjomba Aloyce, wale, waimbe, warudi makwao kabla ukungu haujashuka. Oktavia alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii. Huku akisubiri ajira, alichapa barua na kutoa nakala kwenye duka la steshenari. Chuoni walimfundisha kwamba ugomvi mwingi huanzia pale ambapo jambo halikuandikwa, na yeye aliliamini hilo kwa moyo wote.

Jumapili jioni simu iliita kutoka Makambako. Alikuwa Mama Remmy.

"Kamwene, mama Rejo."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mjukuu wangu anakua. Bajeti umeshapanga?"

"Nimepanga, mama. Ni kitu kidogo tu."

"Nitumie niione."

Oktavia aliipiga picha, akaituma. Baada ya dakika kumi simu ikaita tena.

"Kuku mmoja?"

"Anatosha, mama. Ni watoto."

"Mtoto wa Remmy wangu agombanie kuku mmoja na watoto kumi na wawili?" Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa laini, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. "Hapana, mwanangu. Sherehe itafanyika huku, nyumbani. Usitoe hata shilingi mia. Kazi yako itakuwa moja tu, kuandika. Mimi nitasema, wewe utaandika. Si umesoma?"

Oktavia alikata simu akalia, na yalikuwa machozi ya furaha. Remmy alikuwa mtoto pekee wa Mama Remmy, ambaye jina lake ni Esnath, na mzee Ebeneza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Makambako. Remmy na Oktavia walipendana chuoni, wakampata Rejoice kabla ya barua ya posa, wakawa wanasema mwakani, mwakani, hadi Novemba iliyopita, lori la mbao alilopanda Remmy likapinduka mlimani. Kwenye mazishi Esnath hakumsemesha Oktavia. Alimshika Rejoice masikio yote mawili, akayatazama muda mrefu, akasema, "Haya ni ya kwangu." Tangu siku hiyo Oktavia alikuwa akiomba Mungu familia ile impende mtoto wake. Na sasa ilikuwa inampenda.

Bajeti ikaanza kukua. Kila jioni Esnath alipiga simu, na kila jioni kulikuwa na mstari mpya. Watoto kumi na wawili wakawa watu themanini. Keki ya kilo moja ikawa ya ghorofa tatu. Ukaongezeka mstari wa turubai, wa viti, wa muziki, wa mshereheshaji, wa mpiga picha. Oktavia aliuhamishia mpango wote kwenye kompyuta ya dukani, akaupangia safu vizuri, na kila alipouchapa upya aliona umezidi kurefuka.

"Andika na ndafu," alisema Esnath jioni ya Alhamisi.

"Ndafu, mama? Mbuzi mzima wa kuchoma?"

"Mzima. Dume, asiwe na doa."

"Si huwa ni ya harusi na sendofu?"

"Nani kasema?" Esnath alicheka kidogo. "Andika, mwanangu. Mbuzi namtoa mimi mwenyewe zizini kwangu. Kwenye safu ya bei weka sifuri."

Oktavia akaandika sifuri. Hakupenda ile sifuri. Mstari usio na bei, walimfundisha, ni mstari ambao mtu mwingine anaujua na wewe huujui. Lakini aliona aibu kumhoji mtu anayempa.

Siku iliyofuata Esnath aliuliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Kesho yake akaomba picha ya kadi ya kliniki. Siku ya tatu akaomba nakala ya cheti cha kuzaliwa.

"Ya nini tena, mama?"

"Wa keki waandike jina sawasawa. Wale wanakosea, utakuta wameandika Rejosi."

Wakacheka wote wawili. Oktavia akatoa nakala bure, maana mashine ilikuwa yake ya kazi, akaituma Makambako kwa dereva wa Noah ya abiria.

Jumamosi iliyotangulia sherehe, Esnath alikuja mwenyewe Mjimwema. Alishuka na kikapu na furushi. Mjomba Aloyce, kaka wa mama yake Oktavia, alikuwa barazani akishona sare za shule kwa cherehani lake la miguu. Ndiye aliyekuwa kama baba kwa Oktavia tangu baba yake afariki, yeye akiwa darasa la nne. Aliacha kushona, akasimama, akavua kofia. Oktavia alishangaa kidogo. Mjomba hakuwa mtu wa kumvulia kofia yeyote zaidi ya mchungaji.

Furushi lilifunguliwa sebuleni. Ndani kulikuwa na blanketi zito, jekundu, bado likiwa na karatasi ya dukani. "Hili ni la mama yako kule Mawengi," alisema Esnath. "Baridi ya Ludewa haina huruma." Kisha akatoa kwenye kikapu jembe jipya la chuma, lisilo na mpini, akaliweka sakafuni mbele ya miguu ya Aloyce.

"Jembe la nini kwenye birthday, mama?" Oktavia aliuliza akicheka.

"Sisi si watu wa shamba? Mtoto akikua alime."

"Mbona halina mpini?"

"Mpini mtachonga wenyewe huku kwenu."

Mjomba hakucheka. Alilitazama lile jembe kama mtu anayetazama nyoka akiwa hana fimbo. Kisha akainama, akaliokota kwa mikono miwili, akasema kwa Kibena neno moja la shukrani ambalo Oktavia hakuwa amelisikia tangu utotoni.

"Viingie kwenye bajeti," Esnath alisema. "Kila kitu kiwe wazi."

Na hapa ndipo Oktavia alipofanya kosa ambalo angelikumbuka kwa muda mrefu, na alilifanya kwa nia njema kabisa. Alikumbuka fomu walizotumia chuoni kwenye miradi ya vijijini, ambapo kila kinachotolewa kina safu ya mtoaji, ya mpokeaji na ya shahidi. Akakimbia dukani, akaongeza safu tatu, akachapa nakala tatu. Kwenye mstari wa blanketi, wa jembe na wa mbuzi, Esnath akaweka sahihi kama mtoaji. Mjomba Aloyce akaweka yake kama mpokeaji. Kwenye safu ya shahidi, Oktavia akaandika jina lake kamili na tarehe.

"Usomi ni kitu kizuri sana," alisema Esnath, akiupuliza wino ukauke. "Kwenu pale dukani si mnaweka karatasi kwenye plastiki ngumu, isilowe?"

"Laminesheni? Tunafanya, mama. Lakini hii ni bajeti ya birthday tu."

"Nifanyie. Nataka niitunze."

Alipoondoka, Oktavia alimuuliza mjomba kama mama yake alishaambiwa kuhusu blanketi. Mama yake, Hulda, alikuwa Mawengi akimuuguza bibi aliyevunjika nyonga, na simu yake haikupata mtandao mpaka apande kilimani.

"Nitamwambia mimi," alisema mjomba, akirudi kwenye cherehani. "Usimpigie. Utamtia presha bure."

*

Siku ya sherehe ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nguzo za umeme zilionekana moja moja. Noah ya kukodi ilikuja kuwachukua saa mbili asubuhi. Rejoice alivaa gauni la njano na soksi mbili mbili, akaimba njia nzima. Mjomba alikaa mbele, kofia magotini. Makambako kulikuwa na jua jembamba na upepo wa vumbi. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani kwa mzee Ebeneza, viti vimevishwa vitambaa vyeupe.

Walipoingia, watu wazima walisimama. Walisimama kwa ajili ya Rejoice. Wazee wanne wa ukoo, waliovaa makoti, walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na mmoja wao alimwita mtoto, akamgusa kichwani, akawaambia wenzake, "Ndiye." Wakaitikia kwa vichwa.

"Njoo uone chumba," Esnath alimwambia Oktavia, akamshika mkono.

Kilikuwa chumba cha ndani, kimepakwa rangi ya pinki, na harufu ya rangi ilikuwa bado mbichi. Kitanda kidogo. Neti ndogo. Kwenye msumari, sare ya shule ya chekechea, sketi na sweta, na chini yake viatu vyeusi. Namba ileile.

"Ni vya kuchezea akija kutembea," alisema Esnath kabla hajaulizwa.

Oktavia alishika sweta. Kwenye kola kulikuwa kumeshonwa jina la mtoto, jina la Remmy na jina la Ebeneza, kwa uzi mwekundu. Aliujua ule mkono. Ni mjomba Aloyce pekee aliyemaliza herufi kwa kafundo kadogo kama kale. Akatabasamu, akasema kizuri, mama, akatoka nje kutafuta hewa.

Nyuma ya nyumba, Somoe, mpishi wa kukodiwa, mwanamke mnene mwenye ushungi wa maua, alikuwa akimpaka mbuzi mafuta juu ya makaa. Mbuzi alikuwa amesimamishwa kwa miguu minne kwenye chuma, mzima, na tawi la majani mdomoni.

"Dada, karibu moto," alisema Somoe. "Hivi huyu mwenye sherehe ana meno mangapi?"

"Yote," Oktavia alijilazimisha kucheka.

"Yote ya maziwa! Miaka kumi napika Makambako hii, sijawahi kupeleka ndafu kwa mtoto wa maputo. Nikamwambia mama mwenye nyumba, tukate tu vipande tutie pilau. Akaniambia we Somoe, huyu haliwi na wenye njaa, huyu analiwa na wanaohusika. Mimi nikanyamaza. Pesa yangu nimeshapokea."

Simu ya Oktavia ikaita. Alikuwa mama yake, na upepo wa kilimani ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Nipe mjukuu wangu nimwimbie. Nimepanda huku miguu inaniuma, nipe upesi."

"Yuko na watoto wenzake, mama. Ngoja nimfuate. Umepata blanketi?"

"Blanketi gani?"

"Alilokununulia Mama Remmy. Mjomba alisema atakuambia. Na jembe. Mama, hapa usipime, keki ina ghorofa tatu, na ndafu..."

"Rudia," mama alisema.

"Keki ina..."

"Achana na keki. Nani kampa nani jembe?"

"Mama Remmy. Alimpa mjomba."

"Lina mpini?"

Oktavia alihisi makaa yote ya Somoe yamezimika. "Halina."

Kisha Hulda akaanza kusema polepole, kwa sauti ambayo Oktavia aliisikia mara ya mwisho siku ya msiba wa baba.

"Nisikilize vizuri. Mtoto akizaliwa nje ya ndoa, ni wa kwetu. Wenzetu wa upande wa baba wakimtaka, wanaleta jembe bila mpini kwa mjomba, blanketi kwa bibi, na mbuzi dume asiye na doa. Vile viwili vya kwanza unaweza kuvirudisha hata baada ya mwaka. Mbuzi harudi. Akiliwa na watu wa kwao na mtu wa kwetu, mbele ya wazee, mtoto kavuka, ni wa kwao. Wewe unabaki kuwa mgeni kwake. Mbuzi ameliwa?"

"Bado."

"Usile. Hata wakikuwekea mdomoni, usile. Na mjomba wako asile. Asile mtu wetu hata mmoja. Kuna maandishi yoyote?"

Oktavia alifumba macho. "Yapo, mama. Niliyaandika mimi."

Mtandao ukakatika.

Alimkuta mjomba nyuma ya tanki la maji, akivuta sigara ambayo alikuwa ameiacha miaka sita iliyopita.

"Mjomba, ulijua."

Aloyce alitazama chini. "Mama yako ana kitu gani? Wewe una kazi gani? Unachapa barua za watu. Hapa mtoto atasoma, atakula, ana chumba. Umekiona chumba?"

"Nimeona sweta. Umeshona mwenyewe."

Aloyce akavuta moshi, akautoa puani.

"Wamekupa nini, mjomba?"

"Kipo kwenye bajeti yako?"

"Hakipo."

"Basi usiulize." Alirusha sigara chini, akaikanyaga. "Oktavia, mwanangu, usituaibishe. Watu wamekuja kutoka Igwachanya, wametoka Mdandu. Kula kipande kimoja, kunywa soda, turudi nyumbani. Utakuja kumwona hata kila mwezi."

"Turudi wangapi?"

Muziki ukaanza kupiga uani.

*

Ratiba ilikuwa ya Oktavia mwenyewe, aliichapa yeye, na ilisema keki itakatwa kwanza. Lakini mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa, alikuwa na karatasi nyingine mkononi.

"Ndugu wageni, tunaanza na ndafu! Tunaanza na nini?"

"Ndafu!"

Wanawake wawili wakamleta mbuzi juu ya meza yenye magurudumu, wakicheza. Majani bado yalikuwa mdomoni mwake. Wazee wanne walivuta viti mbele. Mmoja alitoa miwani na ile karatasi yenye plastiki ngumu, akaishika magotini. Rejoice alikuwa amekalishwa katikati, kwenye kiti kikubwa kilichofungwa riboni, akimtazama mbuzi kwa hofu.

"Mama, ana macho," alisema.

"Mama mzazi yuko wapi?" mshereheshaji alipaza sauti. "Mama mzazi, njoo tukulishe! Makofi kwa mama mzazi!"

Oktavia alipita katikati ya viti. Esnath alikata kipande cha ini, akakichoma kwa kijiti, akaweka karatasi laini chini yake mafuta yasidondoke. Alivaa kitenge kipya na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Fungua mdomo, mwanangu."

"Afungue! Afungue!" watu wakaimba.

Oktavia aliubana mdomo. Wimbo ukaendelea kidogo, ukapungua, ukafa.

"Unaumwa meno?" Esnath alinong'ona.

"Siumwi, mama."

"Basi kula. Watu wanatazama."

"Nimeambiwa maana yake."

Esnath hakushtuka. Ni kama alikuwa ameshachoka kusubiri siku hiyo. Alisogea karibu hadi Oktavia akasikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake. "Nimezika," alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nilikuwa na mmoja. Unajua nyumba hii saa kumi na mbili jioni inavyokuwa? Mzee anakaa kule, mimi nakaa huku, tunasikiliza friji. Wewe ni kijana, utazaa wengine. Mimi sina pengine pa kumpata. Kula, Oktavia. Nakuomba kama mama yako."

Hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe, kwa sababu Oktavia aliona kila kitu alichoambiwa. Aliona wale wazee wawili na lile friji. Alimpenda yule mwanamke, kwa sekunde ile, kuliko alivyowahi kumpenda, na midomo yake ikalegea. Harufu ya ini ikamfika puani. Kipande kilikuwa karibu kiasi kwamba alihisi joto lake.

"Mama," Rejoice aliita kutoka kwenye kiti. "Nataka mkojo."

Oktavia alirudi nyuma hatua moja.

"Njoo kwangu kila Jumapili, mama," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Njoo ulale. Mfundishe nyimbo za Remmy. Sitakufungia mlango hata siku moja. Lakini sili."

Minong'ono ikapita chini ya turubai kama upepo kwenye mahindi makavu. Mzee Ebeneza aliinamisha kichwa. Esnath alishusha mkono. Alijifuta uso kwa upande wa kitenge, akashusha pumzi, na aliponyanyua macho yalikuwa makavu. Hakumwangalia tena Oktavia. Aligeukia mstari wa pili wa viti, kipande kile kile kikiwa bado kwenye kijiti.

"Mjomba?" alisema kwa upole.

Aloyce alifuta viganja vyake kwenye suruali, akasimama.

"Mjomba, usifanye hivyo," Oktavia alisema. Alitaka kupiga kelele lakini ilitoka sauti ya mtoto. "Mjomba, tafadhali."

Hakungoja kuona. Alimnyanyua Rejoice kwenye kile kiti na riboni zake, akampitisha mlango wa jikoni, akatokea nyuma kwenye makaa. Somoe alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amesikia yote.

"Geti la mbele wamesimama watu," alisema haraka. "Pita huku kwenye kuni. Ukitoka kushoto, stendi hiyo hapo." Akavua kanga yake ya begani, akamtupia. "Mbebe mgongoni, utakimbia vizuri. Haya, dada, usisimame!"

Alikuwa hajamaliza kufunga fundo la kanga pale nyuma ya ukuta wa matofali aliposikia vigelegele vikilipuka chini ya turubai, virefu, vya wanawake wengi kwa pamoja.

*

Basi dogo la Njombe lilikuwa limewasha injini. Alimkojolesha mtoto kando ya gurudumu, akapanda, akakaa siti ya nyuma. Alikuwa na zile elfu tisini kwenye pochi, hela ambazo alikatazwa kuzitumia. Simu ikaita walipokuwa wameuacha mji.

"Hukula?" mama yake aliuliza.

"Sikula."

"Na Aloyce?"

"Nilisikia vigelegele."

Oktavia alisikia pumzi za mtu anayetembea harakaharaka. "Sawa," alisema Hulda. "Wewe uliyemzaa hukula, na uliwaambia usoni mbele ya wazee. Hilo ni neno la kusimamia, hapa kijijini na hata mahakamani. Nitalisimamia mimi. Lakini akikaa mikononi mwao hata wiki moja, hakuna atakayekusikiliza. Leo hii hii watakwenda kumchukua Mjimwema. Usifike Mjimwema. Shukia Itoni, ngoja gari la Ludewa, uje na mtoto moja kwa moja. Nguo mtavaa za huku."

"Na kazi yangu, mama?"

"Unataka nini, Oktavia? Niambie kimoja."

Alimtazama Rejoice, aliyekuwa amelala kinywa wazi, riboni imemning'inia sikioni, lile sikio la Remmy.

"Nashukia Itoni," alisema.

Saa kumi njia panda ya Itoni ilikuwa nusu imemezwa na ukungu. Akina mama wa viazi walikuwa wanafunika ndoo zao. Oktavia alisimama kando ya barabara inayokwenda Ludewa, mtoto mgongoni, akikodolea macho upande wa Makambako. Kila taa iliyochomoza ilimfanya asogee nyuma ya kibanda. Likapita lori la mbao. Likapita basi. Kisha Coaster ya Ludewa ikaja kutokea mjini Njombe, ikaingia njia panda, ikasimama hatua thelathini mbele, kondakta akining'inia mlangoni.

"Ludewa, Mawengi! Ya mwisho hiyo!"

Alianza kutembea upesi. Wakati huohuo pikapu nyeupe ya mzee Ebeneza ikatokea kwenye ukungu kutoka Makambako, taratibu, ikielekea Njombe. Mbele walikaa dereva na mjomba Aloyce. Nyuma, wawili kati ya wale wazee wanne wa ukoo, makoti yameinuliwa kola. Ilimpita kwenye barabara kuu, na hakuna aliyegeuka.

"Babu Aloyce!" Rejoice alipiga kelele kwa furaha mgongoni, akatoa mkono kwenye kanga, akaupunga. "Babu! Babu, tuko huku!"

Taa nyekundu za pikapu zikawaka.

Oktavia alikimbia. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa nyuma yake, akasikia jina lake likiitwa na sauti iliyomlea, na hakugeuka. Kondakta alimdaka mkono, akamvuta juu, akampigapiga mtoto mgongoni kumtuliza.

"Mko wangapi, dada?"

"Wawili," alisema akihema. "Mimi na mwanangu. Funga mlango, kaka yangu. Funga."